Nasahihisha hadi usiku wa manane, wao wanaangalia alama tu

Shikamoo Shangazi,

Barua nyingi ninazozisoma kwenye safu yako ni za ndoa na wakwe. Yangu ni ya kalamu nyekundu, na nisipoieleza kwa mtu aliye nje ya ofisi ya walimu nadhani nitaendelea kuzunguka palepale.

Ninafundisha lugha sekondari, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni insha. Madarasa ni makubwa. Rundo moja la madaftari likishuka mezani, jingine linapanda. Tangu nianze kazi nimejiwekea sharti: hakuna daftari linalotoka mikononi mwangu likiwa na alama peke yake. Kila kosa la tahajia nalizungushia duara, kila sentensi iliyopinda nainyoosha, pembeni naandika maoni, na chini kabisa naweka aya nzima ya kumweleza mwanafunzi nilichokiona. Mimi mwenyewe nilifundishwa na walimu waliokuwa wakirudisha kazi na 11/20 bila neno lolote, nikaapa sitakuwa kama wao.

Sasa sikia kinachotokea. Nikishagawa madaftari, darasa zima linakimbilia ukurasa wa mwisho. Macho yanatua kwenye alama, kisha yanahamia kwenye alama ya jirani. "Umepata ngapi?" "Kumi na tatu." "Mimi kumi na nne!" Daftari linafungwa na kutupwa chini ya dawati. Insha inayofuata nakuta "kwasababu" imeandikwa kama neno moja na mwanafunzi yuleyule niliyemsahihisha hilohilo safari iliyopita, na iliyotangulia hiyo.

Wapo wanaosoma, nisiwaonee. Mvulana mmoja alinifuata mlangoni na daftari lake. Nilikuwa nimemwandikia: "Fafanua hoja zako, hazijashikamana." Akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, nifafanue vipi?" Nikamwambia aongeze maelezo. Aya yake ilikuwa hivi: "Simu ni muhimu kwa sababu inasaidia watu. Pia simu ina faida nyingi. Watu wengi wanatumia simu." Alipoirudisha ilisomeka: "Simu ni muhimu sana kwa sababu inasaidia watu wengi sana. Pia simu ina faida nyingi na tofauti tofauti. Watu wengi wanatumia simu kila siku katika maisha yao." Shangazi, sikujua nicheke au nilie. Mtoto wa watu alikuwa ameongeza maelezo kweli.

Ila aliyenifanya nikuandikie si huyo. Ni msichana nitakayemwita Zuhura, ambaye katika wote niliowafundisha sijaona anayeandika kama yeye. Muhula uliopita alileta insha isiyo na kosa hata moja la sarufi, lakini ilikuwa baridi, kama ya mtu anayejaza fomu. Nikampa 15 kwa 20 na kuandika: "Uwezo unao, lakini insha hii haina moyo. Umeandika ili umalize." Bado naamini nilimwambia kweli. Tangu hapo Zuhura ananiletea aya nne fupi, safi, zisizo na jambo. Anapata alama nzuri kwa kuwa hana makosa. Mkono hanyooshi tena. Nikimwuliza kama kuna tatizo anasema, "Hakuna, mwalimu," huku akitazama chini.

Nina mwenzangu anayefundisha somo hilihili mikondo mingine. Yeye anapiga tiki, anaweka alama, anaandika "Jitahidi" au "Vizuri", kisha anaondoka jua bado liko juu. Wanafunzi wake wanampenda, na matokeo yao hayapishani sana na ya wangu. Juzi alinikuta nimeinamia madaftari akaniambia, "Dada, unawaandikia barua watu wasiosoma." Aliniambia kwa utani, lakini lilinichoma.

Nimewaza niache kuweka alama kwenye mazoezi, niandike maoni tu, nione kama watasoma. Nilipomdokeza mkuu wa shule alisema wazazi wanataka alama, na wakaguzi wakija wanataka kuona wino mwekundu. Nimewaza pia nigeuke mtu wa kusifia, hasa kwa Zuhura, nimwambie ana kipaji cha pekee ili arudi. Lakini je, sitakuwa namdanganya? Na kuna usiku nawaza nifanye kama mwenzangu, walau nipate usingizi.

Niendelee kusema kweli na kuwapoteza, au nilegeze kamba waendelee kukosea wakiwa na furaha?

Mwalimu wa kalamu nyekundu

*

Marahaba mwanangu,

Umenipumzisha na wakwe, nakushukuru. Na nianze kwa kukuambia kwamba mwalimu anayekesha na madaftari ya watoto wa watu halafu akauliza kama kukesha kwake kunawafaa, huyo sina wasiwasi naye.

Nikikusoma vizuri, una mambo matatu mezani. La kwanza ni jasho lisilozaa: unaandika sana, na kinachobadilika ni kidogo. La pili ni msichana aliyenyamaza. La tatu ni shule inayopima kazi yako kwa wingi wa wino. Umeyafunga yote matatu kwenye swali moja, kweli au upole, ukali au kulegeza. Naomba nianze hapo, kwa sababu sina hakika kwamba ukali ndio ugonjwa. Katika mifano yote uliyonipa, ni mmoja tu unaohusu mtu aliyeumia. Yule wa "kwasababu" hajaumia. Yule wa simu hajaumia hata kidogo, amekuja mlangoni kwa adabu akiomba msaada. Hao ukiwaandikia kwa upole wa malaika, "kwasababu" itarudi vilevile.

Unasema hawasomi. Inawezekana. Lakini hebu jiulize: wakisoma, wafanye nini? Insha ya simu imekwisha, ina alama, imefungwa. Ijayo ina mada nyingine na madai mengine. Kwa mtoto wa miaka kumi na tano, maoni yanayokuja baada ya alama ni kama maelekezo ya njia anayopewa mtu aliyekwisha kufika. Hana pa kuyapeleka. Ninavyoona mimi, kutoyasoma si lazima kuwe dharau. Huenda wamepima haraka wakaona hakuna wanachodaiwa, maana hujawadai. Katika barua yako nzima, ni mahali pamoja tu mwanafunzi amerudi kwenye kazi yake baada ya wewe kuisahihisha, naye alirudi kwa hiari yake.

Kuhusu alama zenyewe, hisia yako haiko peke yake. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha jaribio alilofanya na wanafunzi wa darasa la 5 na la 6 nchini Israel. Kundi moja lilirudishiwa kazi likiwa na alama tu, jingine maoni tu, la tatu vyote viwili. Waliopewa maoni tu ndio waliopiga hatua na kubaki na hamu ya kazi. Waliopewa alama pamoja na maoni walifanana zaidi na wale wa alama tu. Ni kana kwamba namba ilikuwa imeyameza maneno. Hicho ndicho unachokiona kila ukigawa madaftari. Ila usilifanye jaribio hilo kuwa msahafu: kazi walizopewa zilikuwa fupi, si insha za kurasa mbili, na hao hawakuwa na mzazi anayesubiri alama nyumbani wala mkuu wa shule anayesubiri wakaguzi.

Ukiondoa alama kabisa, hayo yatakukuta. Mzazi atauliza, na wanafunzi nao watakuuliza, tena wale wazuri ndio watakaolalamika zaidi kwa kuwa alama ndiyo iliyokuwa ikiwapamba. Wapo watakaodhani unaficha jambo. Na ukiyafanya bila mkuu wako kujua, siku atakapojua mtazungumzia utovu wa nidhamu badala ya ufundishaji. Zipo njia za katikati. Kuna walimu wanaoandika alama kwenye daftari lao la kumbukumbu, wanarudisha kazi ikiwa na maoni tu, na alama wanaitaja baada ya mwanafunzi kurekebisha. Wengine wanasoma rasimu bila kuitia alama, kisha alama inawekwa kwenye nakala safi, hivyo mzazi anapata namba yake na maoni yanakuwa yamefika wakati kazi bado iko hai. Njia hiyo ya rasimu ina gharama yake: unasoma kila insha mara mbili. Labda iwe insha chache kwa muhula. Sasa hapo utasema silabasi haitoshi, nami sitabishana nawe, unaijua kuliko mimi.

Turudi kwa kijana wa simu, kwa sababu nimempenda, na kwa sababu nadhani amekufundisha jambo kubwa kuliko wote. Aliambiwa afafanue, akauliza vipi, akaambiwa aongeze maelezo, akaongeza. "Sana" mbili, "tofauti tofauti" na "kila siku katika maisha yao". Alitii kila neno. Shida ni kwamba "fafanua" ni neno linaloeleweka na mtu ambaye tayari anajua kufafanua. Wewe ukilisoma unaona picha nzima ya aya iliyokomaa. Yeye anaona amri ya kurefusha. Royce Sadler wa Australia aliandika mwaka 1989 kwamba mwanafunzi hawezi kuboresha kazi mpaka ajue kazi nzuri inafananaje, aweze kuilinganisha na yake, na awe na njia ya kupunguza tofauti iliyopo. Kijana wako hakuwa na la kwanza wala la tatu. Je, amewahi kuona aya iliyofafanuliwa ikiwa imewekwa kando ya isiyofafanuliwa? Si kuambiwa sifa zake. Kuziona zote mbili, na kuulizwa ipi inamshawishi na kwa nini.

Nimejaribu kuiandikia aya yake maoni upya. Utaniambia kama yanafaa. "Sentensi ya pili inasema yaleyale ya kwanza, kwa hiyo ifute. Kisha mtaje mtu mmoja: ni nani, alikuwa na shida gani, na simu ilimsaidiaje?" Ni fupi kuliko maoni yako mengi, nadhani. Haimsifu wala haimkemei. Ina kitendo cha kufuta na maswali ambayo hawezi kuyajibu kwa kuongeza "sana". Akikaa nayo dakika chache anaweza kurudi na mtu aliyepiga simu usiku mgonjwa akawahishwa hospitali, na hapo ndipo mnaweza kuzungumza habari ya hoja, maana sasa ipo.

Lakini usidhani nimekupa dawa. Maoni ya kina namna hiyo yana hatari yake, tena walimu wazuri ndio wanaotumbukia humo: unaweza kumwandikia mtoto insha yake. Atafuta ulipomwambia afute, atataja mtu kwa sababu umemwambia amtaje, na mada ijayo itakuwa palepale, akisubiri umwongoze. Huenda mara ya pili usimwambie sentensi ipi inajirudia. Useme tu kwamba katika aya hii ipo moja, aitafute. Na mara nyingine umwulize yeye kwanza, kabla hujashika kalamu, ni wapi anadhani msomaji atamwuliza "kwa mfano?". Utajua mwenyewe ni lini wa kushikwa mkono na ni lini wa kuachiwa.

Hapohapo ndipo ninapoyaona yale maduara yako mekundu. Ukisahihisha "kwasababu" kuwa "kwa sababu", nani amefanya kazi? Ni wewe, na tayari ulikuwa unajua. Wapo wanaoweka nukta tu pembezoni mwa mstari wenye kosa, mwanafunzi alisake na kulirekebisha mwenyewe. Inapunguza wino na kuhamishia kazi inakostahili. Ila ni kwa kosa la kupitiwa tu, lile ambalo akiangalia tena ataliona. Mtoto asiyejua kabisa kwamba hayo ni maneno mawili anaweza kuikodolea macho nukta yako mpaka kengele ilie. Huyo anahitaji kufundishwa. Na kama walioandika "kwasababu" ni nusu ya darasa, sioni kwa nini ulizungushie duara daftari baada ya daftari wakati ubao upo.

Hilo linanileta kwenye njia nyingine ambayo huenda ikakurudishia usingizi kidogo. Unasoma rundo zima bila kuandika chochote madaftarini. Pembeni una karatasi moja: makosa yanayojirudia, aya mbili tatu zilizokufurahisha, jambo ambalo wengi hawajalielewa. Kipindi kinachofuata unaanza na karatasi hiyo, mnasoma mifano pamoja, kisha kila mmoja anarudi kwenye insha yake na kurekebisha jambo moja huku wewe ukipita kati ya madawati. Uzuri wake ni kwamba muda uliokuwa unautumia usiku sasa unautumia mchana, wao wakiwepo. Ubaya wake ni kwamba mwenye shida yake peke yake hupotea kwenye umati. Na mtoto anayeamini daima kwamba maneno ya darasa zima yanamhusu jirani yake, unaye, kila darasa linaye. Pia utakapoinama kwenye dawati la mtu, sauti yako inasikika hadi madawati matatu nyuma. Maneno ambayo kwenye karatasi yangekuwa siri yanakuwa tangazo.

Kusahihishana wao kwa wao sijui kama umejaribu. Sikukatazi, ila usiwaachie hivihivi. Graham Nuthall wa New Zealand alikuwa akiwavalisha wanafunzi vipaza sauti vidogo ili asikie wanachoambiana darasani, na alibaini kwamba sehemu kubwa ya maoni wanayopata kuhusu kazi zao hutoka kwa wenzao, na mengi ya hayo si sahihi. Marafiki husifiana, mahasimu hukomoana. Wakipewa jambo moja la kutafuta, si kutoa hukumu, huwa afadhali.

Sasa mwenzako wa tiki. Umemweka kwenye barua kama kishawishi, mtu mvivu aliyefanikiwa. Nina shaka kidogo na picha hiyo. Matokeo yenu kukaribiana hakuthibitishi kwamba tiki zinatosha, wala kwamba maoni yako hayana kazi. Wanafunzi ni tofauti, na mtihani wenyewe pengine haupimi unachokijali wewe. Lakini inawezekana pia kwamba anasema darasani yale unayoyaandika wewe usiku. Umewahi kukaa nyuma ya darasa lake kipindi kimoja? Nisingekuwa na haraka ya kumwiga wala kumdharau kabla ya hapo.

Zuhura nimemweka mwisho kwa sababu ndiye mzito.

Unasema ulimwambia kweli. Hebu tuichunguze hiyo kweli kwa makini, bila kukulaumu. "Uwezo unao": hilo unalijua kutokana na kazi zake za nyuma. "Insha hii haina moyo": hapo umesema ulivyohisi ukiisoma, na una haki ya kuhisi. "Umeandika ili umalize": hapo mwanangu umetoka kwenye karatasi ukaingia kifuani mwake. Huenda ni kweli. Huenda usiku ule alikuwa na homa, au alitaka kujaribu kuandika kwa ubaridi, au aliogopa kuandika jambo la moyoni kwa sababu mara ya mwisho ulilisoma mbele ya darasa. Kwenye ukurasa haionekani. Nawe hukumwonyesha hata sentensi moja aliyoweza kuigusa na kuibadilisha. Yule wa simu alipata "fafanua", neno lisilo na mpini. Na Zuhura naye amepata "moyo", lisilo na mpini vilevile. Tofauti ni kwamba kijana aliulizia kazi yake, lakini Zuhura ameambiwa jinsi alivyo, na hilo haliulizwi mlangoni.

Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi kuhusu mrejesho, zenye vipimo zaidi ya 600. Kwa wastani ulisaidia. Lakini katika zaidi ya theluthi moja ya vipimo hivyo, waliopewa mrejesho walifanya vibaya kuliko ambavyo wangefanya bila huo. Maelezo yao ni kwamba mrejesho hulegea kadiri unavyomwondoa mtu kwenye kazi na kumfanya ajifikirie yeye. Ndiyo maana nasita na mpango wako wa kumwambia ana kipaji cha pekee. Umeuliza kama utakuwa unamdanganya. Mimi wasiwasi wangu uko kwingine: sifa hiyo nayo inamwongelea yeye, haiongelei karatasi. Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao walielekea kuchagua kazi ambazo hawataonekana wajinga, na walipokwama walikata tamaa upesi kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Msichana anayeandika aya nne salama tayari anafanya jambo linalofanana sana na hilo. Ukimwongezea uzito wa kipaji, atakuwa na kingine cha kulinda.

Hii haina maana umnyime ukweli. David Yeager na wenzake walichapisha mwaka 2014 utafiti waliofanya na wanafunzi wa miaka kama 13 nchini Marekani. Insha zilirudishwa zikiwa zimejaa masahihisho ya kweli ya walimu wao. Nusu ya wanafunzi walikuta pia kikaratasi kinachosema, kwa ufupi, kwamba mwalimu amewaandikia hayo kwa sababu anawatarajia makubwa na anajua watayafikia. Kwa wanafunzi weusi, waliochagua kuandika upya walipanda kutoka asilimia 17 hadi 72. Idadi ya wanafunzi ilikuwa ndogo, na kikaratasi si hirizi. Hakikuja mahali pa masahihisho, kilikuja pamoja nayo. Ninachokiokota hapo ni kwamba mtoto huweza kubeba maneno mazito akijua kwa nini anaambiwa. Zuhura, nadhani, hajui. Anaweza kuwa amesoma sentensi zako mbili kama mlango uliofungwa, wewe ukidhani umeufungua.

Nasema "nadhani" kwa makusudi. Hatujui kama ni maoni yako yaliyomnyamazisha. Yamekuja kwa wakati mmoja, basi. Msichana wa umri huo ana mambo mengi yanayoweza kumfunga mdomo, na mengine hayahusu insha hata kidogo. Swali la "kuna tatizo?" jibu lake limeshaandaliwa kabla hujamaliza kuliuliza. Ungeweza kuliacha hilo na kumwuliza kuhusu sentensi: fungua insha yake ya zamani uliyoipenda, weka kidole mahali fulani, mwambie hapa nilisimama nikairudia, uliifikiaje? Kisha unyamaze. Hatari yake ni kwamba anaweza kuhisi umemvizia, hivyo pachague mahali ambapo wenzake hawatazami, na usimwite ofisini mbele ya walimu wote. Au umwandikie kwenye daftari, si kama mwalimu anayepima bali kama msomaji: nilitaka kujua huyu bibi uliyemtaja alifanya nini baadaye. Hiyo ni ya taratibu, haimlazimishi kukujibu, na inaweza isizae lolote muhula huu. Kumwambia waziwazi kwamba yale maneno ungependa kuyasema upya, hilo nalo lipo, na wewe ndiye unayejua kama kati yenu lingepokelewa au lingemwaibisha zaidi. Na katika kuongea ukisikia dalili ya jambo la nyumbani, au la mtu anayemsumbua, hapo insha iweke kando, umpeleke kwa mwalimu wa malezi au mtu mzima mnayemwamini nyote wawili.

Limebaki la mkuu wa shule na wino wake. Usimchukulie kama adui. Anaogopa kuulizwa na wakubwa wake, kama wewe unavyoogopa kuulizwa naye. Anachohitaji ni ushahidi kwamba kazi imesahihishwa. Mwulize kama marekebisho ya mwanafunzi mwenyewe, yaliyoandikwa kwa wino wa rangi nyingine chini ya nukta zako, yanaweza kuhesabiwa kuwa ushahidi. Mwombe darasa moja tu, muhula mmoja, na alama zote ziwepo kwenye daftari lako la kumbukumbu siku yoyote atakapozitaka. Anaweza kukataa. Akikataa, bado dakika kumi za mwanzo wa kipindi ni zako, na hakuna mkaguzi anayezikagua: gawa madaftari, waache wafungue, waangalie alama, wapige kelele zao, kisha waambie hakuna kufunga mpaka kila mmoja awe ameandika upya sentensi moja.

Niandikie ukishaongea na Zuhura, au ukiamua kutoongea naye. Na huyo kijana wa simu, mwulize ni nani aliyesaidiwa, nami nataka kujua.

Shangazi yako